Mtumbwi Uliolala Majini

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, na mwenye ukoko atafune polepole, maana hadithi hii ina kugongagonga na nataka kila mmoja asikie.

Hapo kale palikuwa na kijiji ukingoni mwa mto mpana. Kila masika mto ulifura, ukaingia mashambani, ukaingia uani, ukafika chini ya vitanda. Nyumba isiyo na mtumbwi ilikuwa gereza. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na mtumbwi wake, uliochongwa kwa gogo moja la mvule.

Mivule hiyo ilikuwa ya zimwi. Zimwi lenyewe liliishi kinamasini, na mdomoni lilikuwa na jino moja tu, pana kama tezo la kuchongea. Zamani lilipatana na mababu hivi: "Kateni mivule yangu. Mtumbwi unaopendwa ni wenu. Mtumbwi uliotelekezwa ni wangu." Na aliyeliwa mtumbwi wake hakuruhusiwa kukata mvule tena maisha yake yote.

Basi, walikuwako majirani wawili, Somoe na Matimbwa.

Somoe alirithi mtumbwi wa marehemu baba yake, Mzee Mbonde. Ulikuwa kazi ya mwisho ya mikono ya mzee, na kwenye ubavu wa kulia palikuwa na mabonde manne madogo, pale vidole vyake vilipozoea kushika.

Matimbwa naye alikuwa na mtumbwi aliouita Bibi Harusi. Mvua zilipokatika na mto ukashuka, aliupandisha uani, juani, juu ya magogo mawili, kila mtu auone. Aliupaka mafuta ya nyonyo. Aliuchorea macho mawili ya chokaa. Aliufunga kanga mpya, ambayo mkewe mwenyewe alikuwa hajaivaa bado.

Somoe alifanya lake. Alisukuma mtumbwi wake hadi kwenye kidimbwi chenye kivuli, akautia mawe matatu makubwa, ukazama. Kila siku ya nne aliuzamia. Aliubandua konokono, akausugua, akaulaza ubavu wa pili, akayarudisha mawe. Hakuna aliyeyaona hayo, maana yalifanyika chini ya maji.

Waliopita walicheka. Matimbwa ndiye aliyecheka zaidi.

"Dada Somoe, mtumbwi ni mhogo, hata uuvundike?"

"Wangu unakunywa, kaka. Wako umeupa nini?"

"Nimeupa kanga."

Siku moja, mwishoni mwa kiangazi, zimwi likatoka kinamasini kukagua. Lilipita nyumba hadi nyumba. Lilipofika kwa Matimbwa likatazama yale macho ya chokaa, likanusa mafuta, likaigusa kanga kwa ncha ya ukucha. "Unapendwa," likasema, likaenda zake. Matimbwa akawaangalia majirani mmoja mmoja, ahakikishe wamesikia.

Kisha zimwi likafika kidimbwini. Likaona mtumbwi umezama, una mawe, una tope. "Umetelekezwa," likasema. "Ni wangu." Likafungua kinywa.

Somoe alikuja mbio, akaingia majini hadi kiunoni, akaweka vidole vyake vinne kwenye yale mabonde manne.

"Toka, binti," likasema zimwi. "Anayekipenda kitu hakizamishi matopeni."

Somoe hakuondoa mkono. "Bwana wa mivule, mti hautazamwi. Hata fundi, kabla ya kukata, huugonga akasikiliza. Ugonge."

Zimwi likafikiri. Likagonga mara tatu. Ngo, ngo, ngo.

Mtumbwi ukajibu kutoka majini, kwa sauti nzito: "Nimekunywa, nimeshiba. Nimekunywa, nimeshiba. Nimekunywa, nimeshiba."

Zimwi likapitisha ukucha mwanzo hadi mwisho, likitafuta ufa, hata mwembamba kama unywele. Halikuupata. Likamuuliza Somoe nani alimfundisha.

"Baba. Alisema mvule ulikunywa miaka mia moja, tusiunyime maji miezi sita."

"Ni wako," likasema zimwi. "Na mimi nimekosea kazi yangu leo. Narudi kugonga."

Somoe aliposikia hivyo akashika njia ya mkato, akamwahi Matimbwa, akamsihi aumwagie mtumbwi maji, hata ndoo moja, hata mbili.

"Macho yatafutika," Matimbwa akasema.

Zimwi likafika. Likagonga. Ko, ko, ko.

"Nina kiu," ukasema Bibi Harusi. "Nina kiu. Nina kiu."

Kilio cha tatu kilipotoka, ufa ukakimbia kutoka mbele hadi nyuma, ukapita katikati ya yale macho mawili, na mtumbwi ukaanguka vipande viwili kama ganda la kunde.

Matimbwa akakumbatia kipande kimoja, akalia. "Niliupenda. Mungu anajua niliupenda."

"Hata mimi najua," likasema zimwi. "Lakini ulimpamba bibi harusi ukasahau kumpa maji ya kunywa."

Likala vipande vyote viwili. Kanga ikanasa kwenye jino, na zimwi likarudi kinamasini ikipeperuka mdomoni.

Masika yakaja. Mto ukaingia mashambani, ukaingia uani, ukafika chini ya vitanda. Matimbwa alikuwa juu ya paa, na mkewe, na watoto watano. Hapo akatokea Somoe, amesimama wima mtumbwini, mkononi ana pondo, mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Wakaingia wote. Matimbwa akachukua upo, kata ya kutolea maji mtumbwini, atoe japo msaada huo. Akatafuta maji ndani ya mtumbwi, hakuyaona. Akagusa sakafu yake. Ilikuwa kavu.

Akauliza, "Dada, yale mawe yalikuwa mangapi?"

"Matatu. Na siku ya nne usisahau."

Walipokaribia mwinuko, watu waliokimbilia huko wakauliza kwa mbali ni mtumbwi wa nani ule usiovuja.

"Wa Mzee Mbonde," Somoe akajibu, na sauti yake ikavuka maji yote yale. "Mimi ni mwanawe."

Tangu hapo Matimbwa ndiye aliyeuzamia mtumbwi ule pamoja naye, na kijiji kizima kikafuata. Hata leo, ukifika kule wakati wa kiangazi, utaona ukingo mtupu, bila mtumbwi hata mmoja. Usiwaonee huruma. Ingia majini.

Hadithi yangu imeishia hapo; nimeizamisha kwa mawe matatu, atakayeitaka aizamie. Na ninyi, mkikipenda kitu, kitunzeni kwa haja yake, si kwa macho ya watu.