Mpaka Uliopita Nyumbani kwa Bi Mwanaharusi

Palikuwa na Sultani aliyetaka shemeji yake, Mwinyi Dongo, awe mwakilishi wa jimbo la Mtoni, watu watake wasitake. Watu hawakutaka. Uchaguzi wa kwanza wakamchagua muuza kahawa. Sultani akahamisha mpaka, akawatoa jimboni wanywa kahawa wote. Uchaguzi wa pili wakamchagua kinyozi. Mpaka ukahamishwa tena. Sasa jimbo lilikuwa limejipinda kama utumbo wa kuku: linaiacha nyumba hii, linazunguka choo cha yule, linaukwepa msikiti, kisha linakwenda kujilaza makaburini.

Safari hii mpaka ulipita katikati ya nyumba ya Bi Mwanaharusi, mjane asiye na kitu ila nyumba hiyo na ulimi wake. Amri ikatoka: nyumba ivunjwe, lisimamishwe jiwe la mpaka, yeye ahamie jimbo la ng'ambo.

Bi Mwanaharusi alikuwa edani. Mumewe, Makungu, alizikwa mwezi uliopita, Mungu amrehemu, na mwanamke wa eda hatoki nyumbani kwa mumewe mpaka siku zake zitimie. Aliposikia nyundo barazani hakulia. Machozi yake alikwisha kumpa aliyestahili. Aliwaambia wavunjaji, "Kamwiteni aliyewatuma."

Sultani akaja, shemeji nyuma yake, kadhi nyuma ya shemeji. Bi Mwanaharusi akasema nao kutoka nyuma ya pazia.

"Karibu, Bwana Mkubwa. Hapo uliposimama ni Mtoni. Ukijikuna mgongo, mkono umeshahama jimbo."

"Acha mzaha, mama. Toka."

"Nimo edani."

"Eda kamalizie ng'ambo."

"Kwa mume gani? Huko ng'ambo sijaolewa."

Majirani wakaangua kicheko. Kadhi akatazama viatu vyake.

"Unajua unasema na nani?" Sultani akanguruma.

"Najua. Nisichojua ni hofu yako. Kura moja ya mjane ndiyo inakunyima usingizi?"

"Kura ni kura," akadakia Mwinyi Dongo.

"Ahaa. Basi huko makaburini mmefuata nini? Kuna mpiga kura huko?"

Mwinyi Dongo akafungua mdomo. Sultani akamkanyaga mguu, akajibu mwenyewe.

"Wale ni wakazi. Hawajahama, hawalalamiki, wala hawanywi kahawa. Kila mmoja ana kura yake."

"Hata Makungu wangu?"

"Hata Makungu. Ni mkazi halali wa Mtoni, na kura yake ni ya Mwinyi Dongo."

"Kadhi, umesikia?"

"Nimesikia," akasema kadhi, kama mtu anayetamani angezaliwa kiziwi.

"Nami silirudishi neno langu!" akasema Sultani.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mwanaharusi, taratibu, kama anayemaliza kuvuta uradi. "Basi, Bwana Mkubwa, chagua. Ikiwa Makungu ni maiti, mimi nimo edani, sitoki, na kura zako zote zimo ardhini. Ikiwa ni mkazi, basi mimi ni mke wa mtu, na nyumba hii ina mwenyewe. Nenda kamwombe ruhusa ya kuivunja. Ila usitume mtu, Makungu hakupenda kusemeshwa na watu wa kutumwa. Nenda wewe mwenyewe, na usirudi mpaka akujibu."