Mafua ya Ovaloki

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakivaa nguo na kuzishona wenyewe, palikuwa na karakana ya ushonaji chini ya majabali. Kila fundi alikuwa na cherehani yake, lakini ovaloki ilikuwa moja tu, mali ya wote. Ovaloki ni ile mashine inayokata ukingo wa kitambaa na kuuzungushia nyuzi papo hapo, nguo isifumuke.

Mwenyekiti wa karakana alikuwa Nyati. Mkuu wa Usafi alikuwa Kiboko. Na miongoni mwa mafundi wadogo alikuwemo Bi Pimbi, mdogo kama kiatu, mwenye macho yasiyotulia.

Nyati akimaliza kushona mablanketi yake kwenye ovaloki, huinuka na kwenda zake bila kuisafisha. Kiboko akimaliza mapazia, vivyo hivyo. Vumbi la nyuzi likajaa tumboni mwa mashine mpaka likawa kama mto wa kulalia.

Kila kikao Nyati alisimama na kutangaza, "Imeazimiwa kwamba mashine isafishwe!"

Makofi, pwa pwa pwa! Kisha wote wakaenda kunywa uji. Isafishwe na nani, hakuna aliyeuliza.

Brashi ilikuwepo. Mafuta ya mashine yalikuwepo. Kiboko alivifungia kabatini, ufunguo akauvaa shingoni.

"Mzee Kiboko, tuazime brashi," Pimbi alimwomba siku moja.

"Brashi mpya ile? Mkiichafua, tutafanyia usafi nini?"

Sasa ikafika siku ya mwisho kabla ya kufungua shule. Pimbi alikuwa na mzigo wa sare za watoto wa Mama Kanga. Zilibaki kingo tu. Na Mwalimu Korongo alikuwa mkali: mtoto mwenye sare inayofumuka anarudishwa nyumbani.

Pimbi akakaa kwenye ovaloki, akakanyaga pedali.

Trrr... kra! Kra-kra-kra!

Uzi ukakatika. Akatunga upya. Kra! Sketi ndogo ya buluu ikatafunwa pindo, utadhani imetoka kinywani mwa mbuzi. Pimbi akaichomoa ile sketi, akaigeuza huku na huku.

"Nani kaharibu mashine?" Nyati akanguruma nyuma yake. "Ni nyinyi wadogo! Vidole vyenu vyembamba vinaichokonoa!"

"Aliyeiharibu aisafishe," Kiboko akadakia.

"Kwa brashi ipi, Mzee?"

"Brashi ya nini? Tumia mkia!"

"Sina mkia, Mzee."

"Sasa kosa la nani hilo?"

Nyati akamsukuma kando. "Pisha nikuonyeshe kazi!" Akakanyaga pedali kwa uzito wake wote.

Brrrr... pufu! Wingu la vumbi likaruka, likamwingia puani.

"Haa... haaa... CHWAAA!"

Koni za uzi zikaporomoka. Kiboko akacheka mpaka akavuta pumzi ndefu kwa zile tundu zake za pua kubwa kama makopo. Naye, "CHWAAA!"

Pimbi, aliyekuwa karibu kulia, akaona mwanya. Akaruka nyuma, akaziba pua kwa sketi.

"Masikini wazee wangu! Imewaambukiza!"

"Imetuambukiza nini?"

"Mafua ya ovaloki! Hamkuisikia ikikohoa, kra kra?"

Nyati akameza mate. "Yanaua?"

"Kuua, hayaui. Yanaanza na chafya, kisha pembe zinalegea."

Nyati akazishika pembe zake, moja huku, moja kule.

"Na asiye na pembe?" Kiboko akauliza kwa sauti ndogo.

"Huyo anakonda tumbo."

"Anakonda mpaka wapi?"

Pimbi akajipigapiga tumbo lake. "Mpaka hapa."

"Yallah! Shika ufunguo! Itibu, mwanangu, itibu!"

Wakakimbilia mlangoni wote wawili kwa pamoja, wakakwama, wakasukumana, puu! Wakaangukia nje.

Pimbi akafungua kabati, kisha akafungua kifuniko cha mashine. Lo! Nyuzi nyekundu za mablanketi ya Mwenyekiti. Nyuzi za kijani za mapazia ya Mkuu wa Usafi. Na karibu na kisu, pini iliyovunjika. Akaitoa ile pini, akapiga brashi kila kona, akatia mafuta tone kwa tone, akatunga uzi.

Trrrrrrr! Laini kama maji.

Akaanza na ile sketi iliyotafunwa, akalikata pindo upya, akashona mpaka jua likaegemea magharibi, na hakuna aliyethubutu kuingia.

"Imepona?" Nyati aliita kutoka nje.

"Imepona, lakini mafua haya hurudi! Kila atakayeitumia lazima aipige brashi mwenyewe kabla hajainuka. Akimtuma mwingine, dawa haifanyi kazi!"

Asubuhi yake Mwalimu Korongo alivuta kila pindo la sare kwa mdomo wake mrefu. Halikufumuka hata moja, na watoto wa Kanga wakaingia darasani wakipiga kelele.

Tangu hapo ungewaona wakubwa! Nyati akimaliza blanketi, chwa chwa chwa, anasugua. Kiboko akimaliza pazia, anasugua huku akijipima tumbo.

Mpaka siku moja Mama Kanga alipokuja kuleta kitambaa.

"Mwenyekiti, unafanya nini hapo?"

"Naikinga mashine na mafua."

"Mafua? Kwani ina pua?"

Karakana nzima ikageuka kumtazama Nyati. Kisha kicheko, kwa kwa kwa! Mafundi wakashika mbavu. Pimbi akainamisha kichwa juu ya cherehani yake, akingoja pembe zimfikie.

Nyati akamtazama Pimbi. Akatazama brashi. Akiwaka hasira, kila mmoja atajua nani alikimbia akizishikilia pembe. Akakohoa kidogo, akasema, "Nilijua tangu siku ile. Nilikuwa nawapima tu."

"Hata mimi," Kiboko akaongeza upesi.

"Basi mnaweza kuacha, wazee wangu," Pimbi akasema kwa upole.

"Kuacha?" Nyati akafoka. "Mimi ni kiongozi, ninaonyesha mfano!"

Akainama tena, chwa chwa chwa, akatia na tone la mafuta.

Nami nanyamaza hapo, wanangu, ila shikeni hili moja: ukitumia kitu cha wote, kiache kikiwa kizima kwa anayekuja nyuma yako, hata kama wewe ndiye mwenye pembe.