Askari wa Plastiki Kwenye Sinki

Nani kati yenu amejilea mwenyewe? Anyooshe mkono tumwone. Hakuna? Ajabu, maana huko nje tunatembea kana kwamba tulijizaa.

Kulikuwa na bwana mmoja aliyependa kuunda askari wa plastiki wa kimo cha kidole gumba. Huja vipande vipande ndani ya boksi, mkono huku, kichwa kule. Unawaunga kwa gundi, unawapaka rangi mpaka vifungo vya koti, kisha wewe na wenzako mnawapanga mezani, mnarusha dadu, mnapigana vita visivyoua mtu. Msicheke. Wenzenu humu hulia kwa sababu ya mpira.

Sasa, vipande hivyo hutoka kiwandani vikiwa na mafuta ya kalibu, lile umbo vilimomiminwa. Usipoviosha kwanza, rangi inashika siku chache tu, halafu inabanduka. Bwana yule alijua. Uvivu ukamshika, akaviacha kando ya sinki, akaenda zake kazini. Aliporudi akavikuta vimeanikwa pamoja na vijiko.

"Mama, hivi si vyombo!" akamwambia mama mkwe wake, aliyekuwa amekuja kuwatembelea.

"Mkwe wangu, kinacholala kwenye sinki ni chombo. Vilikuwa vinateleza kama sahani ya pilau, nikavisugua."

Akanuna. Asante hakusema.

Lakini rangi ilishika, ikang'aa! Klabuni kwao wakamzunguka.

"Fundi, siri yako nini?" rafiki yake akauliza. "Uliviosha kwanza?"

"Kuosha? Ni mkono tu, ndugu yangu. Wengine tumejaliwa."

Rafiki akaamini, naye hakuosha. Siku ya mashindano akaja na jeshi lake, rangi imebanduka kama ganda la yai la kuchemsha. Akamsukumia bwana yule vikopo vyake vyote vya rangi.

"Chukua. Mikono hii haikuumbiwa kazi hii. Mimi basi."

Bwana akazitazama zile nyuso zilizochunika, akajua papo hapo kosa ni la nani. Angeweza kunyamaza. Nani angemjua?

Na sisi je? Tunasimama hapa kushuhudia: nimejituma, nimepambana, nimefika. Nani alikusugua kabla hujapakwa rangi? Shangazi aliyekuombea wakati wewe hujui hata kuomba? Neema iliyokutangulia, ukaibatiza jina la kipaji? Tukificha shukrani, wapendwa, jirani anabaki akidhani Mungu amemnyima yeye. Anatupa brashi yake kwa sababu ya uongo wetu.

Bwana yule akamrudishia rafiki yake vikopo, kimoja kimoja. Klabu nzima inamtazama.

"Mikono yako haina kosa," akasema. "Nilikudanganya. Askari wangu walioshwa, na hata sikuwaosha mimi. Mama mkwe ndiye aliyewasugua kwa sabuni ya vyombo, nami nikamnunia."