Michi Miwili, Kinu Kimoja

“Haraka ina baraka, michi ikipokezana.”

Mnacheka, mnadhani fundi wenu wa kompyuta amekosea methali. Sikukosea. Ina mwenyewe, na ilizaliwa kwenye meza hii hii mnayoiegemea.

Mwajabu alikuwa mchora katuni hapa Tanga. Bibi yake, Bi Mwanakombo, alikuwa akipoteza nuru ya macho, na daktari alishasema haitarudi. Mwajabu akaitengenezea katuni hadithi ya fisi aliyosimuliwa na bibi huyo utotoni, ili aione kabla giza halijamfika. Ilibaki kuunganisha picha tu. Kwa pupa ya kumaliza, akaweka memori mpya na kuipandisha kasi hadi mwisho. Kompyuta ikazima katikati ya kazi. Akapandisha na kasi ya njia ya ndani ya prosesa, ile inayopokea data kutoka kwenye memori. Ikazima mapema zaidi.

Alinijia amekumbatia kompyuta, bibi kashika upindo wa baibui la mjukuu.

“Shangazi, nimeuziwa memori mbovu!”

“Memori ni nzima. Njia ya ndani ndiyo haiuwezi mwendo huo. Nitazishusha zote mbili, ziende sawa.”

“Kushusha? Bibi hana wiki mbili za kuona, nawe unashusha!”

Bi Mwanakombo akagonga meza. “Mwajabu, uliwahi kutwanga na mimi?”

“Mara moja. Ukanifukuza kinuni.”

“Kwa nini?”

“Nilikwenda mbio. Michi ikagongana.”

“Kidole changu hakijanyooka hadi leo.” Akakiinua tukione. “Mimi na marehemu dada yangu tulimaliza pishi mbili kabla chai haijachemka. Mbio kweli kweli! Lakini wake ukishuka, wangu uko juu.”

Mwajabu akanisogezea kompyuta. Nikashusha memori na njia, nikalinganisha mapigo ya zote mbili. Kompyuta haikuzima tena. Alasiri katuni ikawa tayari, na Bi Mwanakombo akasogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

“Fisi huyu,” akasema, “mbona ana mwendo wa mjomba wako?”

Mwajabu akacheka, machozi yakimtiririka.

Walipokuwa wakitoka, bibi akasema mlangoni, “Haraka ina baraka, michi ikipokezana.”

“Bibi, umeiharibu! Wahenga walisema haina.”

“Wahenga hawakutwanga na dada yangu. Haraka ina baraka, michi ikipokezana. Na radhi siwaombi.”