Kwa Nini Kifauongo Hufunga Majani Yake

Tulieni nianze, na mwenye haja ya kutoka atoke sasa, maana hadithi hii nikiikatiza katikati hasira zinanibaki mwenyewe kifuani.

Zamani hizo, mmea huu mnaouchokoa kwa vidole njiani mkacheka haukuwa wa kutambaa chini. Ulikuwa mti uliosimama, mrefu kama mpera, hauna mwiba hata mmoja, na majani yake yalikaa wazi usiku na mchana. Kule Kidongo, kijiji cha wakulima wa mpunga, uliota mmoja tu, nyuma ya uwanja wa ngoma, na watu waliuita mti wa usingizi. Majani yake yalichemshwa, na aliyekunywa maji yake yangali moto alilala kama mtoto aliyeshiba.

Lakini haukuchumwa ovyo. Watu wa Kidongo walikuwa na desturi yao, na mimi naipenda desturi ile kuliko dawa yenyewe. Aliyekosa usingizi hakujichumia. Alikwenda kwa jirani akamwambia, kwa kinywa chake, jambo linalomnyima usingizi. Jirani ndiye aliyekwenda mtini, akapiga hodi, akautajia mti jina la aliyemtuma na sababu yake, kisha akachuma ukufi mmoja na kurudi. Mmoja alisema anadhani mumewe hampendi tena, mwingine alisema ameiba kuku wa shemeji yake, na jirani aliyabeba hayo mpaka mtini akayaacha hukohuko. Hakuna aliyekwenda kuyatangaza.

Sasa tuje kwa jumbe, mkuu wa kijiji hicho.

Jumbe wa Kidongo aliitwa Mwinyikondo. Sina la kheri la kusema juu yake, kwa hiyo msiningojee. Mwaka mmoja wa masika makubwa alitaka kisima kichimbwe ndani ya ua wake, ili wake zake wasipate taabu ya kwenda kwenye kisima cha wote. Wanaume walimwambia udongo umelowa, afadhali wangoje ukauke. Akasema yeye ni jumbe, hangojeshwi na udongo. Akamshusha shimoni Mwishehe, kijana mpole asiyejua kukataa akitumwa, na kuta zikamwangukia. Walipomtoa alikuwa amekwisha kufa.

Hilo pengine ningelimsamehe, maana binadamu hukosea. Nisilolisamehe ni alilolifanya mazikoni. Alisimama mbele ya watu amevaa kanzu safi, akasema, "Mimi nilimkataza. Marehemu alikuwa mkaidi, Mungu amrehemu." Na wale wanaume waliokuwepo kisimani, wote, wakatazama chini. Watu wazima wenye ndevu zao! Wakainua mikono wakaitikia amina, halafu wakaenda kula ubwabwa wa matanga aliotoa yeye huyo jumbe.

Mwishehe aliacha mjane, Mwanamvua, na mtoto wa kike anayenyonya, Sihaba. Mwanamvua alikaa ndani ya eda, na humo ndani alisikia jina la mumewe likipita nje. Mama yeyote akimkanya mwanawe asipande juu ya mti, alisema, "Haya, utakufa kama Mwishehe mkaidi." Mwanamvua akisinzia kidogo, neno lile linamwamsha. Akilala ubavu, linamgeuza. Akaanza kukauka maziwa. Sihaba akanyonya akalia, akanyonya akalia, mpaka mashavu yakabonyea, na walioingia kumtazama walitoka wakinong'onezana kwamba huyu naye atamfuata baba yake.

Jumbe naye hakulala. Safi kabisa! Lakini angemwendea jirani gani? Ili apate majani ingebidi aseme, "Silali kwa sababu nilimshusha mtu shimoni kwa kiburi changu, kisha nikamsingizia." Maneno hayo hayakumpita kooni. Basi akafanya wafanyavyo watu wa namna yake: akauzungushia mti ua wa makuti, akaweka mlinzi, akatangaza kwamba mti wa usingizi ni mali ya jumbe. Mti ambao hakuupanda yeye, wala baba yake, wala babu yake! Kila asubuhi aliingia mwenyewe, bila hodi, bila kutaja jina wala sababu, akajichumia. Akachemsha, akanywa, asilale. Akadhani kipimo ni kidogo. Akazidisha majani mpaka chungu kikajaa, halafu akaleta chungu kikubwa zaidi, halafu akaanza kukata matawi. Mti ukabaki na majani ya upande mmoja tu.

Asubuhi moja Bi Mboza, jirani yake Mwanamvua, alimshika mjane yule mkono akamwambia, "Mwanangu, sema. Nikakuchumie kabla mtoto hajatupotea."

Mwanamvua akasema. Bi Mboza akajitanda kanga yake akaenda. Pale kwenye ua mlinzi akamzuia kwa rungu.

"Rudi, mama. Mti huu ni wa jumbe."

"Jumbe kanyimwa aibu, na wewe je?" akauliza Bi Mboza.

Mlinzi hakutoka mlangoni. Basi Bi Mboza akasimama palepale nje, akapaza sauti mpaka waliokuwa wakitwanga wakaacha michi. "Hodi, mti! Nimetumwa na Mwanamvua wa Mwishehe. Halali, kwa sababu mume wake alitii akafa, na aliyemtuma amemwita mkaidi mbele ya kaburi lake!"

Jumbe alikuwa humo ndani, mikono yote miwili imo kwenye tawi mojawapo. Na watu waliochungulia kupitia makuti waliyaona. Majani aliyoyashika yalijifunga, moja likagusana na lenzake, yakalala. Akarukia tawi jingine, nalo likalala. Akapiga kelele, akavuta, na shina likaanza kushuka, likanywea mpaka likatambaa ardhini, na mahali alipokuwa ameshika pakachomoza miiba. Akatoka ndani ya ua vidole vinavuja damu, hana hata jani moja.

Hapo mzee mmoja aliyeitwa Dihenga, miongoni mwa wale walioinamisha vichwa mazikoni, alisema, "Mwishehe hakuwa mkaidi. Sisi tulikuwepo. Jumbe ndiye aliyemshusha." Mwingine akasema ni kweli, na mwingine. Walikuwa wamechelewa, na mimi siwapongezi. Lakini walikwenda wote mpaka mlangoni kwa mjane wakayarudia maneno yale, yeye akiwa ndani anawasikiliza. Mwanamvua alijinyoosha juu ya mkeka mchana ule ule, mtoto kifuani, akalala bila jani wala maji ya moto. Alipoamka kifua kilikuwa kimejaa, na Sihaba akanyonya akashiba.

Jumbe alizeeka akikaa kitako mbele ya mmea ule. Alingoja majani yafunguke, yakifunguka ananyoosha mkono, nayo yanalala. Angeweza kusema. Kila siku angeweza kusema! Alikufa macho wazi, na kinywa kimefungwa.

Na tangu siku hiyo mmea ule unatambaa chini, una miiba, na ukiguswa hufunga majani yake, kwa sababu haujui tena mkono upi ni wa mwizi. Watu wakauita kifauongo, eti unajifanya umekufa. Aliyesema uongo akazikwa kwa heshima ya jumbe, na sifa ya uongo akapewa mti.

Nanyi mnaugusa, unalala, mnacheka. Mimi sioni cha kuchekesha. Kizazi cha Sihaba kipo mpaka leo, wengine nawaona wamekaa hapa mbele yangu, na wao pia wakinyoosha mkono mmea unawafungia. Wao walikosa nini?