Fisi wa Dungu la Kati

"Fisi wa hadithi hulala nyumbani."

Bibi Semeni alituambia maneno hayo siku tuliyokuwa uani kwake tukimenya karanga za mbegu, huku tukisikiliza mchezo wa redio. Katika mchezo ule kulikuwa na baba aliyekula nyama choma njiani, na akifika nyumbani anafuta midomo na kuwaambia wanawe kwamba mwezi huu ni mgumu. Binamu yangu Kasiani alicheka. Alisema watunzi wa redio hukaa tu na kubuni mambo, kwa maana baba wa namna hiyo hayupo. Ndipo Bibi akasema methali yake. Tulimwuliza imetoka wapi, kwa sababu hatukuwahi kuisikia shuleni.

"Haikutoka shuleni," alisema. "Ilitoka shambani, nayo ina mwanzo wake. Menyeni karanga, mimi niseme."

Akaanza hivi.

Upande huu wa mto palikuwa na kijiji cha Lugonge, na watu wake walilima mpunga. Mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa, kijiji kizima kilihamia mashambani kuamia ndege wasile punje. Kila shamba lilikuwa na dungu lake, yaani ulingo wa miti wenye kipaa cha nyasi, na juu yake alikaa mtu na kombeo lake na rundo la udongo mkavu wa kurusha. Adui wao alikuwa kwelea. Kundi moja la kwelea likitua shambani wakati mwamiaji anasinzia, akizinduka anakuta mabua.

Saa mbaya ilikuwa adhuhuri. Joto lilikuwa kali na watu walilemewa na usingizi. Kwa hiyo watu wa Lugonge walikuwa na desturi yao. Katikati ya mashamba yote palikuwa na dungu refu kuliko mengine, waliloliita dungu la kati, na juu yake alikaa msimulizi. Jua likifika utosini, alisimulia kwa sauti kubwa, na mashamba ya jirani yote yalisikia. Watu hawakusinzia, maana kila mtu alitaka kujua mwisho. Tena hadithi ikifika penye kicheko, walicheka wote kwa pamoja, na kicheko kile kiliwafukuza ndege kuliko kombeo. Ujira wa msimulizi ulikuwa shamba lililo chini ya dungu lile. Lilikuwa dogo, lakini udongo wake ulishika maji vizuri.

Mwaka huo msimulizi alikuwa mjane aliyeitwa Zamoyoni. Mumewe alikufa akamwachia mabinti wawili, na ndugu za mume walichukua mashamba yao. Zamoyoni hakuwa na shamba jingine duniani ila lile la dungu la kati. Alililima mwenyewe na wanawe, na zilibaki siku nane tu avune.

Adhuhuri moja alisimulia hadithi ya Fisi.

Fisi alioa mke. Siku ya kwanza mke alipopika kuku, Fisi alisema, "Mke wangu, ukoo wetu una mwiko. Mwanamke akila firigisi, mvua inakata." Mke akampa firigisi. Wiki ya pili Fisi akakumbuka kwamba mwiko ule ulikuwa na mapaja pia. Wiki ya tatu akakumbuka kidari na mabawa. Mwishowe mke na watoto walibaki na mchuzi, na mchuzi nao Fisi alianza kuutazama sana.

Hapo mashamba yote yalicheka, kwelea wakaruka hadi ng'ambo.

Siku moja, Zamoyoni aliendelea, mama yake Fisi alikuja kuwatembelea. Mke alimpikia kuku, kisha akampelekea mchuzi mtupu. Mama mkwe akauliza, "Mwanangu, firigisi iko wapi?"

"Mama, mvua itakata."

"Nani kakwambia? Mimi nala firigisi tangu nilipoolewa, na huyu mumeo nilimzaa mwaka wa mafuriko!"

Fisi aliposikia hivyo aliingia uvunguni mwa kitanda, akakaa humo kwa aibu mpaka mgongo ukapinda. Ndiyo maana hata leo nyuma yake iko chini.

Watu walicheka mpaka wengine wakashika nguzo za madungu yao wasianguke. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Asumta, mke wa Mzee Mponda. Mponda alikuwa mtu mzito pale kijijini, mwenye mashamba manne na kiti kwenye baraza la wazee. Alikuwa juu ya dungu lake, naye peke yake hakucheka. Alimtazama mkewe, akatupa kombeo chini, akateremka, akamwambia, "Twende nyumbani." Wakaondoka. Hakumwacha mtu yeyote shambani. Majirani walipokuja kugundua, kwelea walikuwa wameshakula pembe nzima ya shamba lake.

Kesho yake asubuhi Mponda alikwenda kushtaki kwa Jumbe Ligoha, na baraza likakaa.

"Jumbe, mwanamke huyu amenitukana mbele ya mashamba yote."

"Alikutaja jina?"

"Hakunitaja. Amesema Fisi."

"Na wewe, Mzee Mponda, ndiwe Fisi?"

Watu waliguna. Mponda akapandwa na hasira. "Jumbe, usinifanyie mzaha! Amefanya ujanja. Ametoa kambale akaweka kuku, ili ajifiche!"

Jumbe alijisogeza mbele kitini. Halafu akauliza polepole, "Kambale gani?"

Mponda alijaribu kuyarudisha maneno, lakini yalikuwa yameshafika masikioni mwa watu. Siku hiyo ndipo Lugonge ilipojua kwamba nyumbani kwa Mponda, miaka yote, mke na watoto hawakuwahi kuonja kambale. Aliwaambia ni mwiko wa ukoo, mwanamke akila kambale atazaa watoto wenye ndevu. Mdogo wake Mponda, ambaye alikuwa amekaa palepale, alikuna kichwa.

"Kaka, sisi tuna mwiko wa kambale?"

"Nyamaza wewe!"

"Nauliza tu. Mke wangu jana amekula wawili."

Baraza lilivunjika mbavu. Lakini Mponda hakurudi nyuma. Alisema kama habari za nyumbani kwake zimefika dungu la kati, basi zimepelekwa na mtu, na mtu huyo ni Asumta. Aliomba mambo mawili. Kwanza, Zamoyoni aondolewe shamba la kati, na mpunga uliomo apewe yeye kufidia ule ulioliwa na ndege. Pili, Asumta arudishwe kwa baba yake kwa kosa la kutoa siri za ndani.

Asumta aliapa. "Sijawahi kukanyaga dungu la kati. Nilicheka kwa sababu hadithi ilichekesha."

"Ulicheka kuliko wenzio."

"Basi kucheka nako kuna kipimo?"

Jumbe alimgeukia Zamoyoni. "Mama, sema mwenyewe. Fisi wako ni nani?"

Zamoyoni alitazama chini. "Ni fisi tu, Jumbe."

"Fisi haoi, wala hapikiwi. Fisi huyo ulimtoa wapi?"

"Siwezi kusema."

Neno hilo lilimharibia. Watu waliokuwa upande wake walianza kutazamana, kwa maana anayekataa kusema huonekana ana la kuficha. Mkunga mmoja mzee alimsogelea akamshika bega. "Mwanangu, sema. Mpunga wako utavunwa na mtu mwingine na watoto wako watakula nini?" Zamoyoni alilia, lakini hakusema.

Jumbe Ligoha hakuwa mtu wa haraka. Aliwaza, kisha akatoa shauri. Ng'ambo ya mto kulikuwa na kijiji cha Itwangi. Watu wa huko walikuwa na soko lao na kisima chao, na hawakumjua Mponda wala mkewe. "Tutavuka," alisema Jumbe. "Zamoyoni atasimulia hadithi ileile. Mponda atakaa kati ya watu, asiseme neno. Ikiwa hadithi ina sura yake, watu watamtambua na kumtazama. Wakimtazama, shamba analichukua na mkewe anamrudisha. Wasipomtazama, ameshindwa." Mponda alikubali. Aliona kwamba hadithi ile inafanana naye mno, hata kipofu angemtambua.

Walivushwa na mwenye mtumbwi wa Itwangi, kijana mwenye kifua kipana aliyeitwa Lihanjo, ambaye alipiga kasia huku akiimba. Walipofika, Jumbe alizungumza na wazee wa pale, na watu wakakusanyika kwenye uwanja wa kuanikia dagaa. Lihanjo naye alifunga mtumbwi, akaja na mkewe kusikiliza.

Zamoyoni alianza. Sauti yake ilikuwa ndogo mwanzoni, kwa maana alijua anachopigania. Alipofika kwenye mapaja, watu wa Itwangi walianza kucheka. Hakuna aliyemtazama Mponda. Alipofika kwenye mchuzi, walicheka zaidi. Mponda aligeuza shingo huku na huku, lakini watu walikuwa wanamtazama msimulizi. Kisha mama mkwe akaingia katika hadithi na kuuliza firigisi iko wapi.

Lihanjo akasimama ghafla.

"Wee mama! Nani amekueleza mambo ya nyumbani kwangu?"

Watu waligeuka wakamtazama Lihanjo.

"Unasema kuku, lakini mimi si mjinga. Hayo ni mayai! Nani alikwambia habari za mayai?" Akamgeukia mkewe. "Ni wewe?"

Mkewe alikuwa amempakata mtoto. "Mimi? Mwanamke huyu ndiyo kwanza namwona. Umemleta wewe mwenyewe na mtumbwi wako!"

Kabla mtu mwingine hajasema, sauti ilitoka katikati ya watu.

"Kumbe na wewe?"

Alikuwa Mponda. Alikuwa amesimama, mdomo wazi, akimtazama Lihanjo kama mtu aliyekutana na ndugu aliyepotea. Watu wa Lugonge waliangua kicheko, na watu wa Itwangi walipoelezwa wakacheka hata wakaangukia dagaa. Mponda aliona macho yote sasa yako kwake, na aliyeyaita ni yeye mwenyewe. Akakaa chini taratibu.

Jumbe alisubiri kicheko kiishe. "Zamoyoni, umewahi kufika Itwangi?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Lihanjo unamjua?"

"Nimemjua ndani ya mtumbwi."

"Basi kama Fisi si wa Mponda, wala si wa Lihanjo, ulimwona wapi?"

Zamoyoni alimtazama Asumta, ambaye alikuwa amekaa pembeni na furushi lake la nguo, kwa sababu mumewe alimwambia aje amejiandaa kabisa kurudi kwao. Zamoyoni akavuta pumzi.

"Jumbe, marehemu hasemwi vibaya, na wa mwisho kumsema ni mjane wake. Ndiyo maana nilinyamaza. Lakini sasa naona mwenzangu ataachwa kwa ajili ya kimya changu. Fisi huyo alilala nyumbani kwangu miaka kumi na mmoja. Kwetu hakukuwa na kuku wala kambale wala mayai. Ilikuwa chumvi. Aliniambia kwao wanawake hawali chumvi. Nilipika vyungu viwili, chake chenye chumvi na chetu kisicho na chumvi. Wanangu walionja chumvi kwa mara ya kwanza siku tulipoondoa matanga."

Hakuna aliyecheka.

"Nilimvika ngozi ya fisi ili niweze kumcheka," alisema. "Kama ningemsimulia alivyokuwa, ningelia juu ya dungu, na ndege wangekula mpunga wa watu."

Walirudi ng'ambo, na safari hii Lihanjo alipiga kasia bila kuimba. Waliposhuka ukingoni, Jumbe alisema, "Zamoyoni, shamba la kati ni lako. Vuna."

Mponda aliuliza kwa sauti ya chini, "Na mpunga wangu je, Jumbe?"

"Mpunga wako umeliwa na kwelea. Washtaki kwelea."

Asumta hakungoja kuamuliwa lake. Alilipeleka furushi lake la nguo kwa mama mmoja mvuvi palepale ukingoni, akatoa kanga moja, akachukua kambale wawili wanono. Jioni aliwapika katika chungu kimoja, akakiweka katikati ya mkeka, akawaita watoto wote. Mponda alitazama chungu, akamtazama mkewe. Kisha akakata kichwa cha kambale, pale penye mafuta, akamwekea Asumta mbele yake. Walikula pamoja. Binti yao mdogo, kila akimeza tonge, alipapasa kidevu.

Habari ilienea, na si kwa kumcheka Mponda peke yake. Wanaume kadhaa wa Lugonge, na wa Itwangi pia, walianza kusahau miiko fulani ya koo zao, wala hakuna aliyewauliza wameisahau lini. Zamoyoni alivuna magunia matano, na mwaka uliofuata alipanda tena dungu la kati.

Tangu hapo ikawa desturi pale mashambani. Msimulizi akimaliza hadithi, na mtu mmoja kwenye dungu la mbali akipaza sauti kuuliza, "Huyo Fisi ni wa nyumba ya nani?", watu wa mashamba yote humjibu kwa pamoja, kwa kishindo kinachowarusha kwelea hadi ng'ambo ya mto:

"Fisi wa hadithi hulala nyumbani!"