Hapana ya Signe Aamodt

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Maana yake ni kwamba anayeona haya kusema shida yake hapati wa kumtatulia. Wengi hudhani methali hii inawahusu wagonjwa wanaomficha daktari kidonda. Mimi niliyekaa Minnesota miaka mingi nadhani inawahusu zaidi watu wenye adabu kupita kiasi, na kama unataka ushahidi, msikilize Signe Aamodt.

Signe alirithi kwa baba yake kiwanda kidogo cha matangi ya kutengenezea jibini. Mwaka mmoja kampuni moja ya maziwa ilimwagizia matangi mengi kuliko aliyowahi kuunda, na ilitaka kuyapokea kabla theluji haijayeyuka. Mikono ya mafundi peke yake isingeyamaliza. Akanunua roboti ya kuchomelea vyuma, akaitangaza mji mzima, kisha ikabainika kwamba hakuna hata mmoja kiwandani aliyejua kuiendesha. Ilijaribiwa mara moja tu, ikatoboa tangi zima, ikafunikwa turubai. Mkono wake mrefu ukageuka mahali pa kutundikia makoti. Signe alijua fika kwamba agizo lile likimponyoka, nusu ya wafanyakazi wake wangekosa kazi. Usingizi ulimpaa, lakini hakumwambia mtu.

Asubuhi moja akaja Yesenia Quintanilla, ofisa mpya wa chuo cha jamii, mzaliwa wa Texas.

"Dada Signe, serikali ya jimbo imetupa ruzuku ya kuwafundisha wafanyakazi," alisema hata kabla hajakaa. "Mwalimu wetu atakuja hapa hapa, na hamtalipa kitu. Mnahitaji?"

"Aa, hapana, usijisumbue," Signe akajibu huku moyo ukimwenda mbio kwa furaha. "Sisi hatujambo. Wapeni wenye shida."

"Na kile kilichofunikwa pale?"

"Kile? Kinapumzika tu."

Yesenia akashukuru, akaaga, akaenda zake. Maskini, hakujua kwamba huko mgeni akikaribishwa kahawa hukataa mara ya kwanza, akakataa na ya pili, na ya tatu ndipo husema, "Haya basi, kidogo tu, kama ipo tayari." Kupokea mara ya kwanza ni ulafi.

Orville Stenerud, fundi mkongwe wa kiwanda, alitundika koti lake kwenye roboti akitabasamu. "Umemjibu vizuri sana, bosi. Zimebaki mara mbili."

"Kesho atarudi," Signe akasema.

Kesho yake Yesenia hakuonekana, wala keshokutwa. Kila asubuhi kahawa yake iliandaliwa, na kila jioni ilimwagwa.

"Labda gari lake limekwama kwenye theluji," Orville akajaribu.

"Gari gani hilo la kukwama wiki nzima?"

Jumapili ikafika, siku ya chakula cha pamoja katika ukumbi ulio chini ya kanisa. Kila nyumba ilileta sinia lake, na keki ya tufaha ndiyo iliyogombewa, mpaka kikabaki kipande kimoja. Hapo kila mtu akaingiwa na haya. Mmoja alikata nusu, aliyefuata akakata nusu ya nusu, hadi kipande kikawa sawa na ukucha wa kidole gumba, na bado hakuna aliyethubutu kukimaliza. Signe, aliyeipenda keki ile kuliko wote, alipita mara tatu akisema ameshiba.

Yesenia, aliyealikwa pamoja na wengine, akaja, akakiokota, akakitia kinywani. Ukumbi mzima ukamgeukia.

"Tamu hivi! Mlikuwa mnaiogopa nini?"

"Hatukuiogopa, mama," Orville akasema kwa huzuni. "Tulikuwa tunaiheshimu."

Watu wakacheka, na Signe akapata ujasiri wa kusogea. "Hatukukuona tena kiwandani."

"Nirudi kufanya nini, dada? Si ulisema hamna shida? Nafasi ya mwisho kesho naipeleka mji wa pili. Wale wameniomba mpaka wakanichosha."

"Lakini... ungeuliza tena."

"Kwetu mtu akisema hapana, ni hapana. Kumuuliza tena ni kumwita mwongo."

Uso wa Signe ukawaka. Maneno ya adabu yalikwisha kumfika ulimini: haya, wapeni wao, wanastahili. Akawatazama mafundi wake, kila mmoja akijifanya kuchungulia kikombe chake, akahisi uchungu wa kuwapenda.

"Nilikudanganya," akasema. "Roboti ile haipumziki. Tunaitundikia makoti kwa sababu hatujui kuiendesha. Bila mafunzo agizo litanipotea, na hawa nitawaachisha kazi. Nahitaji msaada wako, Yesenia. Nakuomba."

"Basi nafasi ni yako," Yesenia akamshika mkono. "Mbona ulikuwa unajitesa?"

Orville akakohoa. "Kwa kuwa leo ni siku ya kusema, mimi ndiye niliyetoboa lile tangi."

"Tulijua!" wakamjibu wote kwa pamoja.

Mwalimu akaja. Siku ya kwanza aliuliza nani hajaelewa, na hakuna aliyejitikisa. Signe, aliyesimama mlangoni, akanyoosha mkono juu kabisa. Orville akafuata, kisha wote. Tangu hapo maswali yalimiminika hata mwalimu akachelewa chakula chake. Misumari ikapigiliwa ukutani kwa ajili ya makoti, roboti ikafanya kazi iliyonunuliwa kufanya, na matangi yakaondoka huku theluji bado imelala juu ya mapaa. Hakuna aliyepoteza kazi.

Siku hiyo ya furaha Yesenia alikuja kuwapongeza.

"Kahawa?" Signe akamuuliza.

Yesenia, aliyekwisha kuzoea mji, akainamisha macho kwa adabu. "Aa, hapana, dada, usijisumbue."

"Haya," Signe akasema, akalirudisha birika jikoni.

Yesenia akalifuata birika kwa macho, Orville akicheka mpaka machozi yakamtoka. Baridi ilikuwa kali na harufu ya kahawa imejaa chumba kizima. Hatimaye mgeni akashindwa.

"Jamani, naitaka! Tena kikombe kikubwa!"

Akamiminiwa hadi pomoni, kwa maana mficha uchi hazai, na wala kahawa hanywi.